Mbwa 23 uani, na kiroba kingine getini

Shikamoo Mzee,

Mimi ni binti wa miaka 34, nakaa Tanga, kazi yangu ni kuuza duka la dawa la mtu. Nyumba tunayoishi aliiacha marehemu baba. Tumo mimi, mama, kaka yangu na mwanawe wa miaka sita. Nakuandikia saa nane za usiku maana ndio muda pekee uani kunatulia.

Mwaka 2021 nilikuta mbwa amegongwa na bajaji, anajikokota kwa miguu ya mbele kuelekea mtaroni, na vijana wa kijiweni wanamrushia maganda ya machungwa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilivua mtandio, nikamfunga, nikambeba mpaka nyumbani. Nilimpa jina Bajaji. Alipona, siku hizi anachechemea kidogo tu. Mama alisema, "Huyu huyu, basi." Nikamjibu naam mama, huyu huyu.

Sasa wako 23.

Sikuwatafuta wote. Mtaa mzima unajua hapa ndipo pa kutupa mbwa. Watu wanakuja usiku na kiroba cha unga kimefungwa kamba, wanakitua getini, wanaondoka. Ndani kuna watoto wanne, watano, wengine hata macho hayajafumbuka. Nikiwa kitandani nasikia kiroba kinakwaruzwa kwa ndani, Mzee, na usingizi umeshakwisha. Wengi hawamalizi wiki mbili. Tangu mwaka jana wanaharisha damu yenye harufu mbaya, wanatapika, wanakwisha. Nimezika kumi na tisa nyuma ya choo. Nawapa maji ya chumvi na sukari, nawapa dawa ninazozijua za dukani, hawaponi.

Kwa siku ni dona kilo saba, dagaa, na vichwa vya samaki kutoka Deep Sea siku nikiwahi. Inafika kama 15,000 kwa siku bila dawa. Mshahara wangu ni 380,000 kwa mwezi. Pengo nalijaza kwa michango ya mtandaoni. Mwezi wa tatu nilirusha video ya mbwa aliyefungwa waya shingoni tangu mdogo, akakua nao mpaka ukazama kwenye nyama. Watu walichanga kutoka Nairobi, Muscat, hadi Uingereza, 900,000 kwa siku mbili. Mbwa mwenyewe alikufa siku ya nne. Zile hela nililipa deni la daktari wa mifugo, zilizobaki nikanunua unga. Mtu mmoja akaandika, "Dada, mbwa kafa, hela ziko wapi?" Wakafuata wengine. Nimeitwa mwizi, wamesema najengea. Mzee, sina hata viatu vya maana.

Kwenye kikoba nimekopa 1,200,000 nikisema nafungua genge la vitenge. Mdhamini wangu ni mama, na hajui kwamba hela zimeliwa na mbwa.

Mama siku hizi hasemi kitu, na hicho ndicho kinachoniumiza. Zamani alikuwa anaswali barazani penye upepo, sasa anaswalia chumbani na mlango amefunga, kwa sababu ya unajisi. Kaka ananiambia nikaolewe na mbwa wangu. Jirani wa nyuma amesema mbele za watu atawawekea nyama ya sumu, eti wamemla kuku watatu, lakini kuku wenyewe anawaachia ovyo. Mwenyekiti wa mtaa ameniletea barua, nina siku thelathini za kuwapunguza, la sivyo suala linakwenda kwa mtendaji wa kata. Na wiki mbili zilizopita, katika hekaheka za kiroba cha mwisho, katoto kamoja kalimng'ata mtoto wa kaka kidoleni, alama ndogo kama ya pini, nikapaka spiriti. Kenyewe kalikufa baada ya siku nne kama wenzake, lakini kaka amelikuza hilo jambo mpaka leo hatusemeshani.

Kuna jike mmoja, Sukari, ana uvimbe sehemu za siri kama ua la koliflawa, unatona damu. Nadhani ni saratani. Nimeambiwa achomwe sindano ya kumlaza asiamke tena. Nikimtazama anatikisa mkia, nashindwa.

Siku hizi nikiona mbwa barabarani nageuza uso, halafu najichukia njia nzima. Nakuuliza swali moja tu. Nikisikia kiroba getini usiku, nifanye nini?

Mama wa Mbwa, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma Alhamisi jioni. Nilipofika pale katoto ka mbwa kalipomng'ata mtoto, sikuendelea, nilikupigia simu. Tulichozungumza unakijua. Nakirudia hapa kwa ajili ya wasomaji, maana wapo ambao mstari ule umewapita kama ulivyokupita wewe mwenyewe uliyeuandika.

Mbwa aking'ata mtu kisha akafa ndani ya siku kumi, mchukulie kuwa alikuwa na kichaa cha mbwa mpaka kipimo kiseme vingine. Awe na mwezi mmoja, awe na miaka kumi. Watu wanangoja povu mdomoni na mbwa anayekimbia mji mzima. Mtoto wa mbwa mwenye kichaa anaweza kuzubaa tu, akakataa kula, akafa, nawe ukasema ni lile lile la kuhara. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, na uangalie saa, kwa sababu dakika kumi na tano za kukisia huwa ni mbili. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa chanjo. Na kama siku zimepita, kama kwenu, bado mtu anapelekwa. Kirusi hiki kinatambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na chanjo ikitangulia inakikuta njiani. Dalili zikishaanza, hakuna tena tiba ya kuitegemea. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote kwa mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15.

Ulimpeleka Ijumaa asubuhi, Mungu akubariki. Sindano zilizobaki zifuate tarehe za kwenye kadi, usiruke hata moja kwa sababu mtoto anacheza vizuri. Na wewe uliyewashika wale watoto kwa mikono mitupu yenye michubuko, nilikwambia usiende kama msindikizaji. Kaka yako hajalikuza jambo. Mwombe radhi.

Sasa tuje kwenye mbwa. Nitakwambia jambo ambalo kwenye safu hii sijawahi kuliandika.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana, cheti cha mifugo bado kinanukia wino. Mji niliopangiwa sitautaja. Kichaa kilizuka, amri ikatoka kwamba mbwa wote wanaozurura wamalizwe. Tulikata nyama vipande vya ukubwa wa kidole gumba, tukatia sumu ya strikinini, tukazunguka navyo kabla ya adhana ya alfajiri. Kulipokucha tukapita na mkokoteni. Strikinini hailazi mbwa, inamkakamaza. Tuliwakuta miguu minne imesimama juu kama kitanda kilichopinduliwa. Mmoja alikuwa na utepe wa kanga shingoni. Msichana wa miaka kama minane aliufuata mkokoteni nyuma nyuma, halii, mpaka shimoni, pale ndipo aliponiomba ule utepe. Nikamfungulia, nikampa.

Masika ya mwaka uliofuata mbwa walikuwa wengi vile vile. Jalala la soko halikuondolewa, machinjio yako palepale, majike waliosalimika walizaa na watoto wao wakakuta chakula hakina mwenyewe. Waliopoteza walinzi wao wakaagiza wengine kutoka vijijini. Tofauti ilikuwa moja. Kati ya wale tuliowaua, wamo waliokuwa wamechanjwa. Hawa wapya, hata mmoja. Kichaa kikarudi na miguu mipya. Baadaye nilisoma kwamba kisiwa cha Flores, huko Indonesia, kilipoingiwa na kichaa mwaka 1997 waliua mbwa maelfu kwa maelfu na ugonjwa haukutoka. Sikushangaa.

Nakusimulia haya kwa sababu mimi nilidhani mbwa wa mitaani wanaisha kwa kuuawa, na wewe unadhani wanaisha kwa kuingizwa ndani. Roho zetu hazifanani, na ya kwako ni njema kuliko yangu ya siku zile. Lakini hesabu tuliyokosea ni ile ile. Ukiondoa mbwa 23 mtaani, mtaa unazaa wengine 23, na sasa unajua pa kuwaleta.

Hebu fanya jambo moja. Saa kumi na mbili jioni kaa kijiweni utazame wale unaowaita mbwa koko. Utasikia mtu anapiga mluzi, mwingine anagonga sufuria, na mbwa mmoja mmoja anakata kona anaingia kwao. Wengi wa mbwa wanaozurura nchini kwetu wana wenyewe. Hawafungwi, hawachanjwi, hawahasiwi, lakini wana mlango wanaourudia. Ndiyo maana chanjo inawezekana. Mwenye mbwa akiambiwa Jumamosi kuna chanjo shuleni, anamleta kwa kamba ya katani, au anamtuma mtoto. Jirani zako wa ng'ambo ya bahari, Pemba, walichanja mbwa kisiwa kizima na kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kiliingizwa upya kutoka nje, wakarudi mitaani na sindano, na kufikia 2018 kilikuwa kimekwisha tena. Hawakuhitaji kumwingiza mbwa hata mmoja uani kwa mtu. Kinachotakiwa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka maana mbwa wanakufa na kuzaliwa.

Sasa nikuumize kidogo. Wale kumi na tisa nyuma ya choo, kwa maelezo yako ya damu na ile harufu, nadhani walikufa kwa parvo. Ni kirusi, dawa zako za dukani hazikigusi. Kinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kinaishi kwenye udongo miezi na miezi, hata mwaka. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini. Udongo hauoshwi. Maana yake ni kwamba tangu mwaka jana kila mtoto wa mbwa unayemtua pale uani unamtua kwenye ugonjwa. Wengine labda wangekufa ndani ya kiroba kile kile. Wengine umewaua wewe kwa kuwafungulia geti, na ninajua neno hili litakunyima usingizi kuliko kelele za kiroba. Ni afadhali ulisikie kwangu.

Kwa hiyo geti linafungwa. Si mpaka hali itengemae, linafungwa leo. Andika orodha ya hao 23 kwenye daftari, jina, jike au dume, amechanjwa, amehasiwa. Ulinitajia kwenye simu kwamba waliohasiwa ni watano. Mwanangu, majike tisa wazima na madume wazima ua mmoja! Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Wewe mwenyewe ni kiroba kinachosubiri kufunguka. Hela yoyote itakayoingia kuanzia sasa, kabla ya unga, inakwenda kuwafunga kizazi majike. Watu watakwambia mbwa aliyehasiwa halindi. Nimehasi mbwa kwa miaka thelathini. Analinda nyumba ile ile na kumbwekea mtu yule yule, ila haendi kupigana usiku kucha kwa ajili ya jike na haleti majeraha asubuhi.

Kwa kipato chako na ua wako, naona unaweza kubaki na wanane. Usiniulize nimepataje wanane. Nimegawa mshahara wako kwa unga, nikaacha hela ya viatu. Waliobaki watafutiwe kwao. Muheza na Korogwe kuna mashamba yanayolia kwa ngedere na nguruwe pori, na mwenye shamba la machungwa akipewa mbwa mzima, amechanjwa, amehasiwa, anashukuru. Mbwa apelekwe baada ya kuhasiwa, si kwa ahadi kwamba atahasiwa huko. Umpeleke mwenyewe, uone maji yako wapi na kivuli kiko wapi, na baada ya mwezi upite tena. Ukikuta mnyororo mfupi usio na kivuli, rudi naye. Usipite kimya kimya, mwambie mtu wa shamba utarudi, halafu urudi kweli.

Bajaji ni wa kwenu. Huyo hata mama yako alimkubali.

Sukari namtoa kwenye orodha ya wafu. Uvimbe wa namna ile, kwa jike aliyezurura, mara nyingi ni ule unaoambukizwa kwa kupandana. Ni saratani kweli, lakini katika saratani zote huo ndio wenye huruma, maana wengi wanapona kabisa kwa dawa ya saratani iitwayo vinkristini, sindano moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita au zaidi kidogo. Achomwe na daktari wa mifugo na si wewe, hata kama dukani kwako wanaijua hiyo dawa. Ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama, na mkojo wake siku zile unasafishwa kwa glavu. Na mtenge na madume leo hii, maana ndivyo inavyosambaa. Aliyekwambia alazwe bila kumgusa alifanya haraka.

Ila yule wa waya shingoni, hapo mimi na wewe hatukubaliani. Ulinieleza alivyokuwa: hawezi kumeza, mabuu yameingia mpaka kwenye koo, na daktari alishakwambia. Ukangoja siku nne, watu wakitazama, kila saa wakiandika pole na mioyo. Siku zile nne hazikuwa zake. Zilikuwa zako, na za waliochanga. Nasema hivi bila hukumu, nimewahi kumngojesha ng'ombe wangu kwa sababu hiyo hiyo. Siku nyingine daktari akisema imetosha, mshike kichwa, mwite jina, amchome. Dakika chache tu amekwisha, hajui.

Kuhusu hao wanaokuita mwizi, sikuoni kama mwizi, lakini naona kwa nini wanadhani hivyo. Walitoa kwa mbwa mmoja, hela ikalipa deni la mbwa wengine, na hukuwaambia. Waambie sasa. Piga picha risiti ya daktari, piga picha unga, andika kiasi kilichoingia na kilikotoka, shilingi kwa shilingi, hata ile usiyoikumbuka iandike kuwa huikumbuki. Halafu kila Jumapili fanya hivyo hivyo, hata wiki hiyo ikiwa imeingia elfu mbili. Wengine hawatarudi. Waache. Na usirushe kidonda kingine mpaka hesabu ya kidonda cha kwanza ifungwe. Najua kwamba waya shingoni unaleta 900,000 na jike aliyefungwa kizazi hana wa kumtazama. Ndivyo watu tulivyo, tunachangia damu. Lakini ukizoea kuishi kwa michango ya vidonda, utajikuta unavihitaji.

Mkopo wa kikoba mwambie mama yako kabla hajaambiwa na katibu wa kikoba. Wiki hii. Usimwambie ukiwa umesimama mlangoni na ndoo ya ugali wa mbwa. Kaa chini, mkononi uwe na lile daftari la wanane.

Na huo unajisi usiuchukulie kama chuki ya mama. Mimi si shehe, kamuulize imamu wenu, lakini nimekulia pwani, ninajua mafundisho ya Kishafii tuliyolelewa nayo: penye mate au unyevu wa mbwa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kikavu kwa kikavu hakina shida. Hilo unaweza kulipangia. Mbwa wakae nyuma, upande wa choo, uzio wa miti na seng'enge uwatenge na baraza. Uwe na nguo za mbwa na viatu vya mbwa, havivuki uzio. Vyombo vyao visioshwe kwenye bomba la mama. Baraza imwagiwe maji ipasavyo, mara saba na udongo wake, na umwite mama aone. Mama yako anaijua kuliko mimi ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Hana ugomvi na huruma yako. Anachotaka ni mahali pake penye upepo.

Jirani mlipe kuku wake. Watatu, kwa bei ya soko, na usiseme aliwaachia ovyo, kwa sababu kuku wa Tanga wote wanaachiwa ovyo na mbwa ni wako. Ukishalipa ndipo unaweza kumwambia kwa upole kwamba kutega sumu ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwamba nyama ya sumu haichagui, inamuua paka wake na inaweza kuokotwa na mtoto. Lakini jua sheria hiyo hiyo inakutazama na wewe. Inamtaka anayefuga mnyama ampe chakula, maji, nafasi na matibabu. Mbwa 23 kwenye ua wa kiwanja kimoja, wengine wagonjwa, afisa akija ataandika jina lako kabla ya la jirani.

Barua ya mwenyekiti mimi ningeishukuru. Nenda kwake na orodha, mwambie ndani ya siku thelathini utakuwa umefika hapa, mwezi unaofuata hapa. Kisha muombe kitu: siku moja ya chanjo kwa mtaa mzima, kabla ya tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na halmashauri nyingi huwa na chanjo wakati huo. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kumleta daktari na chanjo. Wewe unawajua mbwa wote wa mtaa na nyumba wanakolala, hakuna afisa anayejua hivyo. Kazi ya kupita mlango kwa mlango na spika ya kukodi hailipi, wala hutapata video ya kuliza watu. Ni ya siku mbili, na ina maana kwa mbwa 200.

Sasa kiroba. Ukikisikia, vaa glavu, kihamishe kwenye boksi lenye matambara, nje ya ua wako, pasipofikiwa na mbwa wengine wala watoto. Usikifungulie ndani. Usiwagawie majirani. Asubuhi muite mwenyekiti au balozi mje pamoja. Kiroba hakitoki mbali, mtu hapandi daladala na watoto wa mbwa wanaolia. Kwenye nyumba mojawapo ndani ya mitaa miwili mitatu kuna jike ambaye jana alikuwa na watoto na leo hana. Watoto wasiofumbua macho hawana dawa iliyo bora kuliko maziwa ya mama yao, na hayo hatuwezi kuwapa, wewe wala mimi. Warudi kwake. Mwenye nyumba atabisha, atasema hana cha kuwalisha. Mpe dona ya jike wake kwa wiki nane mpaka watoto waache kunyonya, na mkubaliane mbele ya mwenyekiti kwamba wakiachishwa tu, jike anafungwa kizazi kwa gharama yako. Piga hesabu, ni rahisi kuliko kulisha watano maisha yao yote, na nyumba ile haitaleta kiroba tena.

Uliniambia kwenye simu, tukiwa tunaagana, kwamba tangu kile kiroba cha mwisho kuna mbwa jike wa kahawia anakuja kila usiku kulala nje ya geti lako, matiti yananing'inia, na ulikuwa unafikiria kumfungulia. Usimfungulie, usimguse. Alfajiri akiinuka, mfuate kwa mbali, uone anaingia nyumba ya nani.